Igandu, 2002: msiba uliokosa nyumba

Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwenda bara ilipata hitilafu ya breki ikiwa inapanda kilima cha Igandu, mashariki ya mji wa Dodoma. Wanaoijua Reli ya Kati wanapajua mahali penyewe: ukishaacha Gulwe na Msagali, njia inakupandisha polepole kuelekea uwanda wa Ugogo. Ndani walikuwamo watu zaidi ya 1,200. Treni ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi mteremkoni, ikaenda kugongana na treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia hiyohiyo. Walikufa watu 281. Hadi leo inatajwa miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli katika historia ya Afrika.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya kitaifa. Miili ililetwa Dodoma mjini, ndugu wakaja kutoka mikoa ya mbali kutambua watu wao. Waliotambuliwa walichukuliwa wakazikwe kwao. Ambao hawakutambuliwa walizikwa kwa pamoja hapahapa Dodoma. Kisha nchi ikaendelea na shughuli zake.

Sasa rudi nyuma miaka kumi na minane. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa anatoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari. Alipofika Wami-Dakawa, mkoani Morogoro, akapata ajali na kufariki. Safari ni ileile ya Dodoma na Dar es Salaam. Huyu alikuwa barabarani, wale 281 walikuwa relini. Kila ifikapo Aprili, Sokoine anakumbukwa redioni, magazetini na siku hizi mitandaoni. Chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro kina jina lake, uwanja wa mpira Mbeya una jina lake. Tarehe 24 Juni hupita kama siku yoyote ile. Mtu mzima wa Dodoma ukimtajia Igandu atashtuka na kukumbuka. Kijana aliyezaliwa baadaye, anayekwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR huku anachezea simu, sidhani kama ana habari.

Jibu la haraka ni kwamba Sokoine alikuwa Waziri Mkuu na hao wengine walikuwa raia wa kawaida. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Oktoba 1987, huko Midland, Texas, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alitumbukia kwenye kisima kilichoachwa. Hakuwa na cheo wala ukoo wenye sifa. Marekani nzima ilikaa mbele ya televisheni kwa saa 58 hadi alipotolewa hai, na michango ikamiminika kutoka kwa watu ambao hawakumjua yeye wala wazazi wake. Kwa hiyo si cheo peke yake. Kuna jambo katika umoja wenyewe, yaani katika kuwa mtu mmoja, ambalo linatushika moyo kuliko wingi.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio lao, na nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu sehemu yake ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, halafu wakaombwa wachangie chochote kutoka katika pesa hiyo kusaidia watoto wenye njaa Afrika. Kundi la kwanza walisomewa habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, na picha yake wakaonyeshwa. Kundi la pili walipewa takwimu tupu: mamilioni ya watu wenye njaa katika nchi fulani na fulani. Waliomwona Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu walitoa dola 1.14. Hadi hapo pengine hushangai. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, lililopewa Rokia pamoja na takwimu. Akili ya kawaida ingesema hawa watatoa zaidi kuliko wote, maana wana sura na wana ukubwa wa tatizo. Walitoa dola 1.43. Takwimu hazikumwongezea Rokia kitu, zilimpunguzia.

Slovic ameendelea na hoja hii kwa miaka mingi, na mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kwamba huruma huanza kupungua si kwenye maelfu, bali mara tu mtoto wa pili anapoongezwa kando ya wa kwanza.

Jaribio jingine, la mwaka 1997, linatuhusu kwa karibu zaidi. Watu waliulizwa kuhusu mradi wa maji safi ambao ungeokoa maisha ya watu 4,500 katika kambi ya wakimbizi wa Rwanda. Wengine waliambiwa kambi ina watu 11,000, wengine wakaambiwa ina watu 250,000. Waliookolewa ni walewale 4,500, lakini ndani ya kambi kubwa walionekana si kitu. (Kwetu sisi namba hiyo ya 250,000 si ya mezani: mwishoni mwa Aprili 1994 ndiyo idadi ya Wanyarwanda waliokadiriwa kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja.) Tena angalia kwamba hapa hakuna aliyefanywa mgumu wa moyo na vifo. Watu walikuwa wanahesabu, ila walihesabu kwa kulinganisha na mzigo uliobaki.

Basi tukichukua maelezo haya tukayaweka juu ya kisa chetu, tungesema hivi: 281 ni wengi mno, moyo umeshindwa kuwabeba, umewatua. Ni maelezo mazuri, na wengi wanaoandika juu ya suala hili huishia hapo. Mimi nadhani kwa Igandu yanaeleza nusu tu, na Karatu ndiko kunakonifanya niseme hivyo.

Tarehe 6 Mei 2017 basi lililobeba wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha, waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao, lilitumbukia korongoni Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hao ni watu 35. Kwa hesabu ya Slovic, huruma ingekuwa imeshaanza kuchoka kwenye namba mbili. Haikuwa hivyo. Majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na watu wakafurika kuwaaga. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa, na nchi ikafuatilia kila hatua, nani ameanza kukaa, nani ameanza kutembea, hadi waliporudi Agosti. Watu waliokuwa Dodoma, Mtwara au Kigoma, wasio na mtoto pale shuleni, walilia.

Unaweza kusema wale walikuwa watoto, na mtoto anauma zaidi. Kweli. Unaweza pia kusema mwaka 2017 kulikuwa na simu zenye kamera na mwaka 2002 hazikuwapo. Hilo pia kweli, na nalipa uzito mkubwa kuliko lile la kwanza. Hata hivyo picha zenyewe zilikuwa za nini? Zilikuwa za majeneza yaliyopangwa safu, sare, ubao wa jina la shule. Zilikuwa picha za kundi. Lakini lilikuwa kundi lenye mlango: shule moja, mji mmoja, wazazi wanaofahamiana, darasa ambalo Jumatatu lingekuwa tupu. Utafiti wa Robert Smith, David Faro na Katherine Burson wa mwaka 2013 uligusa jambo la namna hii. Watoto kadhaa wenye shida wakielezwa kuwa ni wa familia moja, watu hutoa zaidi kuliko wakielezwa kuwa ni watoto tu walioorodheshwa pamoja. Wingi hauui huruma ikiwa wingi huo unaonekana kuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu naona sisi tuna ufahamu wa jambo hili ambao hauhitaji maabara.

Fikiria msiba unavyoendeshwa mtaani, iwe Chang'ombe, Kizota au Nkuhungu. Habari ikishasikika, swali la kwanza ni moja: msiba uko wapi? Likishajibiwa, kila kitu kinajipanga. Turubai linafungwa, viti vya plastiki vinaletwa, masufuria makubwa yanatoka kwa jirani mwenye nayo. Kamati inaundwa, mtu anashika daftari, jina lako linaandikwa na kiasi ulichotoa. Akina mama wanalala ndani na mfiwa, wanaume wanakaa nje kwenye moto. Hata kama marehemu hukumjua, unajua pa kwenda, unajua mkono wa kushika, unajua maneno ya kusema: pole na msiba. Unaweza usiwe na huzuni yoyote ulipoondoka kwako, ukaipata pale. Wengi wetu tunaipata pale. Anayesema huzuni hutangulia na matendo hufuata nadhani hajakaa misibani vya kutosha. Mara nyingi ni kinyume chake.

Sasa Igandu msiba ulikuwa wapi?

Dodoma ilikuwa na miili, haikuwa na wafiwa. Treni ile ilikuwa ya bara. Reli ya Kati ikifika Tabora inagawanyika, mkono mmoja unakwenda Mwanza na mwingine Kigoma, na waliokuwa ndani walikuwa wa njia yote hiyo: wanaorudi nyumbani, wanaokwenda kusalimia, wafanyabiashara na mizigo yao. Hawakuwa shule, wala kijiji, wala kwaya. Kilichowaunganisha ni tiketi. Ndugu walifika wakiwa wageni mjini, wakatambua, wakaondoka na mwili wao mmoja. Kwa hiyo turubai lilifungwa, lakini lilifungwa Tabora, na jingine Shinyanga, na jingine Kasulu, kila moja kwa mtu wake. Katika kila nyumba hizo msiba ulikuwa wa mtu mmoja na ulililiwa kama msiba wa mtu mmoja unavyoliliwa. Hakuna aliyefiwa na 281. Idadi hiyo ilikuwa ya taifa, na taifa halikuwa na mahali pa kukaa kwenye moto.

Ndiyo maana nasita mtu anaponiambia watu hawakuguswa na Igandu. Waliguswa wale waliokuwa na nyumba ya kwenda. Wahenga wanasema kifo cha wengi ni harusi, na huwa tunalitumia kumliwaza mfiwa: hauko peke yako, wamekufa wengi, tunalia wengi. Methali hiyo inahitaji waliao wawe wamekutana. Abiria wa Igandu walikufa pamoja wakaliliwa mbalimbali, kwa hiyo hata liwazo hilo dogo ndugu zao hawakulipata.

Linganisha na Sokoine sasa, maana kisa chake kinaonekana tofauti tukikitazama kutokea hapa. Mwalimu Nyerere alitangaza kifo chake mwenyewe redioni, kwa sauti iliyokuwa nzito, na alimtaja kwa lugha ya nyumbani, kama ndugu na kijana wetu, si kwa cheo kitupu. Kwa dakika chache zile redio ikawa nyumba ya msiba na kila aliyesikiliza akawa amefika. Kisha mwili ukapelekwa Monduli, mahali panapojulikana, kwenye boma lenye jina. Cheo chake kilisaidia, lakini kwa njia hii: kilimpa mtangazaji mmoja, mahali pamoja na tarehe moja. Raia wa kawaida akipewa hivyo vitatu naye anaweza kuliliwa na nchi.

Na mahali ambapo msiba wa wengi hauna mlango, watu hutafuta mlango wao wenyewe. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, walikufa watu 19. Ndani ya siku mbili jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa la Majaliwa Jackson, mvuvi kijana aliyewahi eneo la tukio na mtumbwi. Akapewa pesa, akapewa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akahojiwa kila mahali. Sina kinyongo naye hata kidogo. Ila kwa wasio na ndugu kwenye ndege ile, mlango wa kuingilia msiba wa watu 19 uligeuka kuwa mtu mmoja aliye hai, na baada ya muda wengi waliuingia mlango huo wakasahau kuna nyumba nyuma yake.

Ugogo una mfano wa zamani zaidi, na mkubwa kuliko Igandu mara mia. Wagogo walikuwa na desturi ya kuipa majina miaka migumu ya njaa. Njaa iliyokuja mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, kati ya 1917 na 1920, waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakataa. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hii, anaeleza kwamba watu 30,000 walikufa katika eneo lililokuwa na watu wapatao 150,000. Mmoja kati ya watano. Nafaka ile iliyochukuliwa ilikuwa na maofisa waliotia saini, na wabebaji wale walikuwa na majina vijijini kwao. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni Mtunya. Jina la janga limedumu na majina ya watu yamezama ndani yake, kama ambavyo leo tukisema Igandu tunataja kilima.

Kuna hasara gani katika yote haya? Huzuni yenyewe si lazima igawiwe sawasawa, na simlaumu mtu kwa kumlilia mmoja. Hasara iko kwenye pesa na maamuzi, ambavyo hufuata huzuni. Septemba 2015 picha ya mtoto Alan Kurdi, Msyria aliyekutwa amekufa ufukweni Uturuki, ilizunguka dunia. Vita vya Syria vilikuwa vimeshaua mamia ya maelfu tangu 2011. Michango kwa mfuko wa wakimbizi wa Msalaba Mwekundu wa Sweden ilipanda mara nyingi sana wiki ile ya picha, na kabla ya miezi miwili kwisha ilikuwa imerudi karibu na ilipokuwa. Vita vyenyewe viliendelea.

Kwetu mambo haya hayahitaji picha kutoka Uturuki. Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma inapita picha ya mtoto anayehitaji upasuaji wa moyo: sura, kiasi kinachotakiwa, namba ya kutuma. Watu wanatuma, na ni vizuri watume. Novemba 2023, hapahapa mjini, Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo kwa mtoto wa namna hiyo, na kwa maelfu wasiopata bahati ya kupigwa picha, ndiyo hasa ingekuwa jibu la kudumu. Sikumbuki grupu lolote likikesha kuijadili. Muswada hauna macho ya kukutazama.

Upande wa pili wa jambo hili hausemwi sana: hata wanaookolewa kwa wingi hawatugusi. Kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, wanawake 556 walikuwa wanakufa kwa sababu za uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulikuta 104. Hata ukiondoa kasoro za kupima, hao ni wanawake wengi mno walio hai leo, sokoni Majengo, mashambani Kongwa, ambao hakuna anayejua ni yupi kati yao angekuwa amekufa, wala yeye mwenyewe hajui. Huwezi kumpongeza mtu asiyejijua kuwa ameokoka. Thomas Schelling, mchumi wa Marekani, aliliona hilo tangu 1968: mtoto mmoja mwenye jina anayehitaji upasuaji hupata michango isiyo na idadi, lakini kodi ikipungua na hospitali zikachakaa, vifo vinavyoongezeka kidogo kidogo havimtoi mtu chozi.

Katika huduma ya uzazi, hata hivyo, kuna utaratibu mmoja ambao ningependa uigwe na wanaoshughulika na barabara na reli. Kifo cha mama kikitokea, kituo cha afya kinatakiwa kukaa kikao cha mapitio ya kifo hicho kimoja, peke yake, kabla hakijaingia kwenye jumla ya wilaya na ya mkoa. Alifika saa ngapi? Usafiri ulichukua muda gani? Damu ilikuwapo? Nani alikuwa zamu? Mtu hageuzwi namba kabla kisa chake hakijasomwa, na namba ikishapatikana inatumika kupanga bajeti, si kuliza watu. Ajali zetu kubwa huchunguzwa kwa upande wa chombo: breki, mwendo, dereva, njia. Ni sawa, ndivyo inavyopaswa. Ila abiria nao wana maswali ya namna hiyo, mmoja mmoja: nani alikuwa hai saa ya kwanza, aliyefikishwa hospitali alifika baada ya muda gani, kati ya waliokufa ni wangapi wangepona kama gari la wagonjwa lingekuwa Msagali badala ya mjini. Kwa watu 281 kazi hiyo inaweza kuchukua karani mmoja na muuguzi mmoja miezi michache.